Varianzi ya X − Y, tenga la sato, na r iliyotoka sifuri

Mkuu mleta uzi, nayarudia maswali yako kwa kifupi ili anayepita asilazimike kupanda juu kuyasoma.

La kwanza: faida ya siku ya sato (X) ina mkengeuko sanifu 4, ya dagaa (Y) ina 3, zote kwa maelfu ya shilingi, na korelesheni (r) kati yake ni −0.5. Varianzi (Var) ni mkengeuko sanifu uliopandishwa kipeo cha pili. Uliandika Var(X − Y) = 16 − 9 = 7, ukaambiwa umekosa. La pili: tenga pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, lina sato 10, wanne wameharibika, mteja anachomoa watatu bila kuchagua. Ulitumia bainomia ukapata varianzi 0.72, majibu yanasema 0.56. La tatu: r ya mwezi na dagaa imetoka 0, na mwenzako anadai basi mwezi na dagaa havihusiani.

Naanza na la pili, maana ukilipata hilo, la kwanza litakuwa jepesi.

Kabla ya kugusa fomula yoyote andika sentensi moja: X ni kitu gani, na kinaweza kuwa namba zipi. Hapa X ni idadi ya wabovu kati ya watatu waliochomolewa, kwa hiyo ni 0, 1, 2 au 3. Njia za kuchomoa 3 kati ya 10 ni 120. Wabovu 0: njia 20. Mbovu 1: 4 × 15 = 60. Wabovu 2: 6 × 6 = 36. Wabovu 3: njia 4. Jumlisha: 20 + 60 + 36 + 4 = 120. Jumla isipofika 120 kamili simama hapo hapo, usiingie kwenye wastani.

E(X), yaani wastani = (60 + 72 + 12)/120 = 1.2
E(X²) = (60 + 144 + 36)/120 = 2
Var(X) = 2 − 1.44 = 0.56

Bainomia nayo inatoa wastani 3 × 0.4 = 1.2, ule ule. Ndiyo maana kosa hili halijionyeshi: mwanafunzi anakagua wastani, anaona umekubali, anasonga mbele. Tatizo limejificha kwenye varianzi, kwa sababu bainomia inadai kila uchomoaji uwe huru, yaani samaki arudishwe tengani kabla ya kumchomoa mwingine. Hapa harudishwi.

Sasa hiyo 0.16 iliyopungua imekwenda wapi? Mpe kila samaki aliyechomolewa namba yake: 1 akiwa mbovu, 0 akiwa mzima. Uwezekano wa yule wa pili kuwa mbovu ni 4/10 vile vile, na hapa wengi hubisha wakisema ni 3/9. Hiyo 3/9 ni pale unapojua tayari kwamba wa kwanza alikuwa mbovu. Kama hujui, unajumlisha njia zote mbili: 4/10 × 3/9 + 6/10 × 4/9 = 36/90, ambayo ni 0.4. Kwa hiyo kila mmoja ana varianzi 0.4 × 0.6 = 0.24, na watatu wanafanya 0.72. Hiyo ndiyo namba yako ya bainomia.

Kilichobaki ni kovarianzi, yaani kipimo cha jinsi namba mbili zinavyoyumba pamoja. Uwezekano wa wawili wote kuwa wabovu ni 4/10 × 3/9 = 2/15. Toa 0.4 × 0.4 = 0.16, unapata −2/75, kama −0.0267. Jozi ni tatu, na kila jozi inahesabiwa mara mbili, hivyo 6 × (−2/75) = −0.16. Halafu 0.72 − 0.16 = 0.56. Ukimtoa mbovu mmoja, wabovu waliobaki tengani wamepungua, kwa hiyo anayefuata ana nafasi ndogo zaidi ya kuwa mbovu. Korelesheni kati ya samaki wawili wowote ni (−2/75) ÷ 0.24 = −1/9.

Kwa njia ya mkato, unazidisha varianzi ya bainomia kwa (N − n)/(N − 1), N ikiwa samaki wote na n waliochomolewa, yaani 7/9 hapa. Tenga likiwa na samaki 1,000 na ukachomoa 3 tu, kizidishio ni 997/999, na hapo bainomia haina madhara. Kwa samaki 10, usithubutu.

Turudi la kwanza. Fomula ya kukariri ni moja tu:

Var(aX + bY) = a²Var(X) + b²Var(Y) + 2ab Cov(X, Y)

Kwa X − Y, b ni −1, na ukiipandisha kipeo cha pili inakuwa +1. Alama ya kutoa haifiki kamwe kwenye varianzi ya Y, inaishia kwenye kovarianzi peke yake. Cov (kovarianzi) ni r mara mikengeuko yote miwili: −0.5 × 4 × 3 = −6. Basi:

Var(X + Y) = 16 + 9 − 12 = 13
Var(X − Y) = 16 + 9 + 12 = 37

Tazama namba zinavyosema. Korelesheni hasi ina maana siku sato anapolala, dagaa mara nyingi analipa, hivyo muuzaji anayeshika vyote viwili jumla yake haiyumbi sana: mkengeuko ni √13, kama 3.6, chini ya ule 4 wa sato peke yake. Pengo kati ya sato na dagaa ndilo linaloyumba. Ile 7 yako isingewezekana hata kwa X na Y zilizo huru, kwani hapo jibu lingekuwa 25. Na ole wako ujumlishe mikengeuko, 4 + 3 = 7. Hiyo ni sahihi kwa X + Y pale r inapokuwa 1 kamili tu. Varianzi ndizo zinazojumlishwa, pamoja na sehemu ya kovarianzi, kisha unatafuta kipeuo cha pili mwishoni.

Kipimo nacho ni mtego. Varianzi 16 hapa ni ya maelfu ya shilingi yaliyopandishwa kipeo cha pili. Ukigeuza kuwa shilingi haiwi 16,000, inakuwa 16,000,000.

Kuna mtego mwingine hukuuliza ila mtihani utakuuliza: 10X si sawa na X kumi zilizojumlishwa. Tuseme uzito wa tenga moja una mkengeuko wa kilo 2. Matenga 10 tofauti, yaliyo huru, yana varianzi 10 × 4 = 40, mkengeuko kama kilo 6.3. Lakini bei ya kilo leo ikiwa ndiyo X na unanunua kilo 10 kwa bei hiyo hiyo, ni 10X, na varianzi inazidishwa kwa 100. Jiulize: bahati imechezwa mara kumi, au mara moja kisha matokeo yakazidishwa? Matenga kumi, mengine ni mazito, mengine mepesi, yanafidiana. Bei ni moja, ikipanda imepanda kwa kilo zote.

La tatu, mwenzako amekosea, na mfano wa dagaa unamwumbua vizuri sana. Wavuvi wa ziwani huwavuta dagaa kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu. Chukua x kuwa usiku kabla au baada ya mwezi mpevu, na y ndoo za dagaa. Namba ni za kutunga ili hesabu iwe rahisi:

x: −10, −5, 0, 5, 10
y: 16, 4, 0, 4, 16

Wastani wa x ni 0. Jumla ya xy ni −160 − 20 + 0 + 20 + 160 = 0. Kovarianzi 0, r = 0. Hata hivyo ukinipa x nakutajia y bila kukosea, maana y = 0.16x². r hupima jinsi nukta zinavyofuata mstari ulionyooka, na hapa zimepinda kama bakuli. Vigeu vikiwa huru (na varianzi zipo, si sifuri), r ni 0. Ikiwa r ni 0, huwezi kurudi nyuma useme ni huru. Chora nukta kwanza, hata kwa mkono nyuma ya daftari, ndipo ukokotoe r.

Na wale wanaochanganya "huru" na "haviwezi kutokea pamoja": matukio mawili yenye uwezekano 0.3 na 0.2 ambayo hayakutani kamwe yana kovarianzi 0 − 0.3 × 0.2 = −0.06. Si huru hata kidogo.

Kuhusu kikokotoo. Ukipata r ya 1.1, mara nyingi umegawa kovarianzi kwa n − 1 (n hapa ni idadi ya data) na mikengeuko ukaichukua ya n. Kwa data 5, kosa hilo linaizidisha r kwa 5/4, hivyo 0.9 inageuka 1.125. Kwenye Casio za MS utaona xσn na xσn−1, yaani mkengeuko wa kugawa kwa n na wa kugawa kwa n − 1, shika moja hadi mwisho. Futa data ya zamani kwa Scl kabla ya kuingiza mpya, la sivyo n itakuwa kubwa kuliko data zako. Anza kwa kusoma n, ndipo usome kingine.

Usikate desimali za wastani mapema. Wastani 152.33 ukiuandika 152 kwenye E(X²) − wastani², varianzi inapanda kwa kama 100 bure. Namba zikiwa kubwa hivyo, toa 150 kwenye kila moja kabla ya kuanza. Varianzi na r hazibadiliki, na wastani unaurudishia 150 yake mwishoni.