Kuku mia tatu na kanga za mama

Mkuu, umeuliza kama kuna mtu humu amewahi kusaidiwa kweli na methali maisha yalipombana, au ni maneno ya kupamba kuta za madarasa tu. Mimi zilinisaidia, ila si kwa njia niliyoitegemea. Nivumilie, jibu ni refu.

Nilikuwa nafuga kuku wa nyama Chanika. Mzunguko wa mwisho niliingiza vifaranga 300. Siku ya 7 nikawapa chanjo ya ugonjwa wa kideri, siku ya 14 ya ugonjwa wa gumboro, siku ya 21 ya kideri inarudiwa. Hiyo ya 21 ilinikuta Bagamoyo kwenye harusi ya rafiki. Nikasema nitawachanja kesho. Kesho yangu ilichukua siku tano. Wafugaji mnajua kilichofuata: kuku anapinda shingo, anaharisha kijani, na asubuhi unaokota mizoga kwa ndoo. Walibaki 11, na mkopo wa kikoba ulikuwa bado una miezi saba.

Pole zikamiminika WhatsApp. "Baada ya dhiki faraja." "Subira yavuta heri." Hii ya pili ilikuja na picha ya waridi linalometameta. Nikajibu asante, nikazima data. Maneno yenyewe hayana kosa, ila niliona kabisa kwamba aliyeyatuma alikuwa anafunga mlango taratibu ili aendelee na shughuli zake.

Nikarudi Tanga, Ngamiani, kwa mama. Nimefika magharibi, nimechoka, mkoba mmoja begani. Mama katoka kunipokea, kajifunga kanga imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Mwanamke wa pwani hajifungi jina la kanga hovyo, kila mtu anajua. Machozi yakanilenga palepale. Usiku baada ya kula nikamwambia, "Mama, asante kwa ule ujumbe." Akaniuliza ujumbe gani. "Wa kwenye kanga." Akainamisha kichwa, akasoma pindo lake mwenyewe kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Hii? Baba, si ndiyo iliyokuwa imekauka."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kuku wafe.

Lakini msidhani mama hasemi kwa kanga. Anasema sana tu. Ana sanduku lake la mbao, doti zimepangwa, na chini kabisa kuna moja kuukuu yenye chapa ya Mali ya Abdulla, lile duka la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. (Ndugu zetu wa Kenya, najua nyie mnaita leso, tusianze ubishi.) Wiki niliyofika alikuwa kwenye vita baridi na jirani kuhusu bakuli lililokwenda na pilau na halikurudi. Hakuna aliyemtamkia mwenzake neno. Mama alikuwa anatoa kanga safi sandukuni, anaifua upya ili ipate sababu ya kuanikwa, kisha anaitandaza kambani maandishi yakielekea dirisha la jirani: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Kesho yake kwenye kamba ya jirani: MSO HILI ANA LILE, yaani asiye na kasoro hii ana ile. Mama akaisoma kutoka jikoni, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyefungwa bao zuri, "Hapo kanipata." Jioni bakuli likarudi, lina kashata ndani.

Mimi mwenye deni na kuku waliokufa nilikaa kibarazani nikifuatilia ugomvi wa bakuli kama ligi kuu. Nilisahau kujihurumia kwa siku mbili nzima.

Kisha kuna mjomba. Nilimwendea nimuulize nianze tena ufugaji au nitafute kibarua. Akasema, "Subira yavuta heri." Sawa. Baada ya siku tatu ananikuta nimekaa: "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu." Nikamwambia mjomba, juzi ulisema subira. Hakubabaika hata kidogo. "Juzi ulikuwa unataka kukimbia. Leo umelala." Tangu siku hiyo nimeacha kuwasikiliza watu wanaolalamika kwamba methali zetu zinapingana. Haraka haraka haina baraka, halafu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako: ni kweli zinapingana, kama viatu vya mguu wa kulia na wa kushoto.

Lakini iliyonigeuza hasa ilikuwa ndogo zaidi. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nimeegemea mlango nalalamika. Nilimlalamikia aliyeniuzia vifaranga. Nikaja kwa fundi aliyejenga banda linalopitisha upepo. Nikaja kwa kijana wa kulisha, kwamba angekuwa na akili angewachanja mwenyewe. Mama hakuinua uso. Alikuna, akagonga kifuu kitoe nazi iliyokunwa, akasema neno moja tu:

"Nyani."

Akanyamaza. Sasa wewe Mswahili ukitegewa nusu ya methali hutaweza kuiacha inaning'inia. Mdomo unamalizia kabla akili haijakataza. "Haoni kundule," nikasema. Nikajisikia mwenyewe. Mbele yangu nikamwona nyani, mgongo wangu, makalio mekundu, anawanyooshea wenzake kidole. Nikacheka kwa aibu, mama naye akacheka huku nazi inamwagikia miguuni.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kwako, mkuu. Mama angenikalisha chini akaniambia "kosa ni lako, uliacha chanjo ukaenda harusini," ningebishana naye mpaka alfajiri. Alinipa nusu, nusu nikatoa mimi, basi nikakosa wa kugombana naye. Yule wa waridi alinitumia methali nzima, haikuwa na mahali pa mimi kuingia. Tena waliotunga hii ya nyani hawakuona haya kutaja kundu mbele za watu. Wazee wetu walikuwa na mzaha kuliko tunavyowafundisha watoto shuleni.

Tahadhari moja. Usimrushie mtu methali ikiwa msiba bado mbichi na wewe si mtani wake. Watani wana ruhusa yao. Tulipomzika baba, mtani wetu alisimama makaburini akamwigiza marehemu anavyokohoa kila akidaiwa, na mama yangu, macho yamevimba, alijifunika kanga usoni tukaona mabega yanatikisika kwa kicheko. Mtu mwingine yeyote angefanya vile angepigwa.

Kwa sasa nafuga 60 tu, kienyeji, uani kwa mama. Deni limebaki kidogo. Upepo wa bahari ulikuwa unaingia kwenye kona ya vifaranga, mama akanipa kipande cha kanga iliyochanika nizibie. Ilikuwa ile ya SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, ila imechanikia katikati, kwa hiyo juu ya vifaranga wangu panasomeka SISI SOTE ABIRIA, basi. Wamejazana chini yake kama daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Siku ya 21 mama alipita na ndoo ya maji, akasimama, akasoma, akaniangalia.

"Na dereva leo kakumbuka chanjo?"