Maswali ya wakulima: jaruba, urea na samadi

Nalima mpunga Mabogini, Moshi. Nasikia jaruba lenye maji muda wote hutoa gesi inayoongeza joto duniani. Nikilikausha si nitakosa mavuno?

Hukosi, ukikausha kwa kipimo. Ukikanyaga tope mapovu yakapanda, hiyo ni methani: chini ya maji hakuna hewa, na bakteria wa humo huozesha mabaki wakitoa gesi hiyo. Kipimo chenyewe: chukua kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, urefu sentimita 30. Toboa matundu pande zote kwenye sentimita 20 za chini, lizamishe hadi hapo, kisha toa udongo wote wa ndani. Jaruba likijaa, maji ya ndani na ya nje yalingane. Yasipolingana matundu yameziba, ling'oe ulioshe.

Anza wiki mbili baada ya kupandikiza miche. Ukichungulia ndani ya bomba, acha maji yashuke sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo ujaze tena kimo cha sentimita 5. Magugu yakiwa mengi, palilia kwanza, uchelewe wiki mbili hadi tatu. Wiki moja kabla ya kuchanua na moja baada yake usikaushe hata kidogo. Ukikosea hapo utavuna mapepe, yaani punje tupu. Ukifuata hivi, methani hupungua karibu nusu. Lakini kama zamu yako ya mfereji haina uhakika, usingoje kipimo: maji yakifika, jaza.

Na mabua ya mpunga wa msimu uliopita?

Usiyachome. Yafukie angalau mwezi mmoja kabla ya kujaza maji, yaoze penye hewa.

Mahindi, Ngaramtoni: mfuko mmoja wa mbolea ya urea kwa ekari, kizibo cha soda kila shina. Ni sawa?

Hesabu haikubali. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari ina mashina karibu 18,000. Kilo 50 zikigawanywa, kila shina linapata chini ya gramu 3. Kizibo kilichojaa kinazidi hapo. Mmea usichokula, sehemu yake hugeuka gesi ya oksidi ya naitrasi, yenye nguvu ya kupasha joto mara 273 ya kaboni dayoksaidi. Gawa mara mbili, wiki ya 3 au 4 na ya 6 au 7, kando ya shina, na ufukie sentimita 5.

Lundo langu la samadi Marangu linanuka sana.

Limekosa hewa. Changanya debe moja la samadi mbichi na matatu ya majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, geuza kila wiki mbili, funika mvua isiingie. Ukikamua konzi, mkono ulowe bila maji kuchuruzika.