Balbu ya wati 60: kwa nini omu hazilingani

Umeuliza kwa nini hesabu ya balbu yako inatoa omu 960 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita), na mita inasoma 70 tu. Hesabu yako haina kosa, ndugu. Volti 240 ukigawa kwa ampea 0.25 unapata omu 960. Volti mara ampea ni wati 60, kama ilivyoandikwa kwenye balbu. Hilo la mita kusoma omu 70 tu ndilo tamu. Uliipima ikiwa imezimwa, imepoa. Uzi wa tangsteni, ule waya mwembamba wa chuma ndani ya balbu, ukiwaka hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara 10. Ikiwa imepoa omu ni chache, kwa hiyo umeme mwingi hupita kwa ghafla; ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua pale pale unapobonyeza swichi. Ukitaka omu za kazini, pima volti na ampea ikiwa inawaka, ugawanye. Usipime omu umeme ukiwepo, utaiunguza mita.