Chipukizi au mkongwe? Kwanza itazame mizani yako

Kosa langu kubwa katika ukocha wa mpira wa kikapu sikulifanya uwanjani. Nililifanya mezani, kalamu ikiwa mkononi. Orodha ya timu ilikuwa na majina 11, nafasi ya 12 ilikuwa wazi, na wachezaji waliobaki walikuwa wawili. Mmoja kijana wa miaka 19, ambaye jioni ya majaribio alifunga pointi 27 na kuwafanya watu wasimame. Mwingine mchezeshaji wetu wa misimu sita, miaka 34, goti la kulia halitoki bandeji. Nilimwandika kijana, wala sikusita.

Niliporudi kuisoma vizuri karatasi ya takwimu ya jioni ile, msimu ulikuwa umeshaanza. Pointi 27 zilitokana na mitupo 26. Asisti moja, yaani pasi moja tu iliyozaa kikapu. Mipira mitano imepotea mikononi mwake. Na mkongwe je, nilimkata kwa lipi? Kwa mechi mbili za mwisho wa msimu uliotangulia, alizocheza akiwa anaumwa. Kijana nilimpima kwa usiku wake mzuri kuliko zote, mkongwe nikampima kwa siku zake mbaya kuliko zote. Nakuomba sana, kocha mwenzangu, kabla hujabishana na yeyote kuhusu nani ni bora, jiulize kama wote wawili umewaweka kwenye mizani ileile.

Katikati ya msimu tulikutana na timu iliyojua kubana. Robo ya nne wakatukaba uwanja mzima, na kijana wangu akapoteza mpira mara tatu ndani ya dakika mbili. Nilipogeuka nikamwona mkongwe wetu jukwaani, safu ya tatu, amekuja kutazama tu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kwa kelele zile nisingeweza kumsikia, lakini nilijua anasema nini, maana nilikuwa nimeyasikia misimu sita: "Skrini kushoto! Rudi kati! Tulia!" Skrini ni mwenzako anayesimama njiani kumzuia mkabaji. Kwenye karatasi ya takwimu hakuna safu ya maneno hayo. Ndiyo maana mkongwe wa namna hii hukatwa kirahisi, na thamani yake huonekana siku hayupo.

Baada ya mechi alinishika mkono. "Kocha, dogo ana mkono mzuri. Hajaambiwa tu pa kutazama."

Kosa kama langu limewahi kufanywa hata na timu zenye wasaka vipaji dunia nzima. Mwaka 2003 Detroit Pistons walikuwa na chaguo la 2 katika drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Walimchukua Darko Miličić, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18. Waliochaguliwa baada yake ni Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Msimu uleule Detroit walitwaa ubingwa wakiwa na wachezaji waliokwisha komaa kama Chauncey Billups, Ben Wallace na Rasheed Wallace, huku Darko akicheza wastani wa chini ya dakika tano kwa mechi. Watu humtaja kama mfano wa uteuzi mbovu. Mimi naona pia kijana aliyepelekwa mahali pasipokuwa na nafasi ya kukosea. Timu inayowinda ubingwa haiwezi kumwacha mtoto apoteze mipira mitatu huku kocha akimpigia makofi ya kumtia moyo. Ukimchukua chipukizi, chukua na dakika zake. Kama huna dakika za kumpa, mwache aende kwa mwenye nazo.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna jina letu wenyewe la kukumbuka. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa 2 mwaka 2009 na Memphis. Wa 3 akawa James Harden, wa 7 Stephen Curry. Urefu wa mita 2.21 unaonekana na kila mtu, na hauna haja ya kuhesabiwa mara mbili. Kinachotaka jicho la subira ni miguu kwenye ulinzi, mikono inapopokea pasi chini ya kikapu, na wepesi wa kuamua. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alikuwa ameshushwa ligi ya kukuzia wachezaji. Inaniuma kila ninapoona jina lake likitajwa kwa kejeli, kwa sababu waliomweka nafasi ya 2 walikuwa watu wazima wenye mishahara, na mzigo wa uamuzi wao akaubeba yeye.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2013 mtu wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Anthony Bennett, ambaye hakumaliza hata misimu mitano NBA. Wa 15 alikuwa kijana mwembamba kutoka ligi ya daraja la pili ya Ugiriki, Giannis Antetokounmpo. Msimu wa kwanza Giannis alifunga wastani wa pointi 6.8 tu. Aliyesoma namba hiyo peke yake alipita. Lakini Milwaukee walimchezesha mechi 77, naye akawa anajifunza mbele ya macho ya watu. Akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2019 na 2020, na mwaka 2021 akabeba ubingwa.

Basi kijana nimtazame nini? Siku hizi naanza na sekunde tano zinazofuata kosa. Amepoteza mpira: anakimbia kurudi kuziba, au ananyoosha mikono kwa refa? Ametolewa: anakaa wapi kwenye benchi, na macho yake yako mchezoni au kwenye viatu vyake? Nimekuta hilo linaniambia mengi kuliko pointi, lakini halionekani kwa mechi moja, kwa hiyo siamui kabla ya kumwona mara nne, na angalau mara moja akiwa anafungwa vibaya.

Kisha nauliza pointi zake alizipata dhidi ya nani. Pointi kumi za dakika za mwisho, timu ikiongoza kwa 30 na wapinzani wamepumzisha wakali wao, ni nyepesi. Mitupo ya pointi tatu nayo hudanganya ikiwa michache: aliyeingiza sita kati ya 12 anaweza akawa amebahatika wiki hiyo. Mimi hutazama mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa rafu, kwa sababu pale hakuna mkabaji, hakuna haraka, kuna mkono wake tu. Kijana anayekosa nusu ya mitupo huru ana kazi ndefu mbele, hata kama leo mipira yake ya mbali inaingia. Na umri usiupuuze. Namba zilezile kwa kijana wa miaka 18 na kwa wa miaka 22 hazina maana moja.

Kwa mkongwe swali ni fupi zaidi: ni kipi kitakachomwacha kwanza? Miguu hutangulia kuondoka. Hesabu mara ngapi bado anampita mkabaji wake, mara ngapi anafika kwenye mstari wa mitupo huru, na kama kwenye ulinzi ameanza kushika jezi badala ya kusogeza miguu. Aliyekuwa akiishi kwa kuruka, tahadhari. Aliyekuwa akiishi kwa kusoma mchezo, kupiga pasi na kulenga ana miaka zaidi.

Halafu bei. Hapa ndipo heshima ya jina humponza mnunuzi. Mwaka 2013 Brooklyn Nets waliwachukua Kevin Garnett, aliyekuwa na miaka 37, na Paul Pierce, miaka 35, kutoka Boston, wakalipa kwa chaguzi za drafti za miaka iliyokuwa mbele. Wakashinda raundi moja ya mchujo na kuishia hapo. Chaguzi zile ndizo zilizowapatia Boston Jaylen Brown mwaka 2016 na njia ya kumpata Jayson Tatum mwaka 2017, na hao wawili wakatwaa ubingwa mwaka 2024. Nets walilipia mechi ambazo Garnett na Pierce walikwisha kuzicheza, tena wakiwa na jezi ya timu nyingine.

Lakini usikimbilie kusema chipukizi ndiye salama. Mwaka 2014 Cleveland walimtoa Andrew Wiggins, chaguo la 1 la mwaka huohuo, pamoja na Bennett yule, wakamchukua Kevin Love. Love alikuwa na miaka 25, amethibitika, miguu bado mizima. LeBron James, nyota wao, alikuwa amerudi na hakuwa na miaka ya kungoja. Mwaka 2016 wakawa mabingwa. Huo ulikuwa uamuzi sahihi, na ungebaki sahihi hata kama Wiggins angekuja kuwa mkubwa zaidi, kwa sababu walijua ni msimu gani wanautaka. Neno mkongwe linatupotosha kidogo. Mtu wa miaka 25 hadi 29 aliyekwisha onyesha kazi yake ndiye ninayemlipia bila kuhesabu mara mbili. Wa miaka 34 namlipia kwa msimu mmoja mmoja.

Narudi kwa kijana wangu, maana habari yake haikuishia kwenye ile mipira mitatu. Msimu ulipokwisha nilimwacha. Nilikuwa nimemchukua kwa haraka, na kwa haraka ileile nikamkata, mara hii nikimpima kwa usiku wake mbaya. Miaka miwili baadaye tulikutana naye akiwa na timu nyingine. Alifunga pointi 11 tu, lakini alitoa asisti tisa, na tulipojaribu kuwabana uwanja mzima alisimama katikati akiita kwa sauti iliyofika hadi benchi letu: "Skrini kushoto!" Kuna kocha alimpa misimu miwili ambayo mimi nilimnyima.

Mwaka huu nafasi ya 12 iko wazi tena. Kwenye daftari nina majina mawili, mmoja ana miaka 18, mwingine 33. Mkubwa nimeshamwambia wazi kwamba ninamtaka kwa msimu mmoja, na kwamba akikubali atafanya mazoezi bega kwa bega na mdogo. Amesema atafikiri. Mdogo nimemwona mara tatu. Mara ya nne ni Jumamosi, dhidi ya timu iliyowahi kuifunga timu yake kwa pointi 22, na nitakaa nyuma ya benchi la timu yake.