Jibu: Kompyuta ya kurekodi TV isiyokula umeme

Mkuu, umeuliza kama desktop yako ya zamani ikae sebuleni irekodi TV usiku na mchana. Achana nayo. Mashine inayovuta wati 60 kwa saa 24 inamaliza karibu uniti moja na nusu za LUKU kila siku. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 ikivuta wati 10, haifikishi hata robo uniti.

Usiogope udogo wake. Matangazo ya antena yanafika yakiwa yameshabanwa (yamepunguzwa ukubwa), kurekodi ni kuyaandika tu kwenye diski. Pesa weka kwenye tyuna, kifaa kinachoingiza matangazo ya antena kwenye kompyuta, na hakikisha imeandikwa DVB-T2, mfumo wa dijitali wa antena unaotumika kwetu. Ya DVB-T tupu haitakusaidia. Chaneli za kulipia zimefungwa, hizo hutazirekodi.

Kingine, na hiki ndicho kikubwa kwetu Mwanza: ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa inapowaka), weka mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Mimi hapa Nyegezi sikuweka. Umeme ulikatika dakika kumi tu usiku, asubuhi nikakuta kitaa cha bluu cha mashine kimezima na mechi nzima haipo. Iliniuma sana. Ukipata UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), chomeka tyuna humo pia.