Maswali yenu: mboga bila kuumiza mfuko

Nimepanga Mbagala, Dar es Salaam, uani ni saruji tupu. Naweza kulima kweli?

Unaweza, dada. Chukua gunia la kilo 50 na kopo kubwa lililokatwa kitako. Lisimamishe kopo katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Livute kopo juu kokoto zibaki, jaza tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Usiziruke kokoto: ndizo zinazoshusha maji hadi chini, la sivyo juu patalowa na chini pabaki pakavu. Toboa matundu ubavuni, uchomeke vipande vya matembele vya urefu wa shubiri. Jirani mwenye nayo atakukatia bure. Ukichuma ncha yanachipua tena, hutapanda upya kwa miezi. Juu ya gunia mwaga mbegu za mchicha, wiki ya tatu au ya nne unakula.

Nyanya usianze nazo. Zinataka dawa na uangalizi mwingi, na kwa gunia moja gharama hairudi.

Basi nyanya nizipate wapi, maana masika bei haishikiki?

Mvua ikizidi, ukungu unamaliza mashamba na magari yanakwama njiani, ndiyo maana bei inaruka. Changeni majirani watatu au wanne, mmoja aende Ilala au Temeke Stereo alfajiri mzigo wa mikoani ukishuka, mnunue tenga zima mgawane. Kabla ya kulipa aombe kuona za chini, kwa sababu nzuri hupangwa juu. Vitunguu vinunueni kwa wingi msimu wa mavuno, vikauke vizuri, mvitundike kwenye wavu penye hewa.

Mchicha wa bonde la Msimbazi ni rahisi. Niununue?

Mimi nisingemlisha mtoto. Mto ule unapokea maji machafu ya viwandani na majumbani, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za kandokando yake ukakuta madini mazito yenye sumu, risasi (lead) ikiwemo. Kuosha kunatoa tope na vijidudu. Madini yaliyokwisha kuingia kwenye jani hayatoki. Simlaumu mkulima, anafuata maji yalipo. Muulize muuzaji shamba lilipo na linamwagiliwa maji gani.

Kikundi chetu cha akina mama tumepewa eneo la shule, lakini tunagombana.

Gaweni matuta, kila mmoja lake na mavuno yake. Kinachobaki cha pamoja kiwe maji, zana na uzio, na mchango wake uandikwe daftarini mbele ya wote. Makubaliano na shule yawekwe kwa maandishi, serikali ya mtaa ishuhudie, msije mkaondolewa mboga zikiwa shambani. Mkishaelewana, sajilini kikundi muulizie halmashauri mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Haina riba, na pampu au tangi la maji ni sababu nzuri ya kuiomba.