Vyuo na ajira za mikoani: jibu la msomaji kutoka Newala

Wiki hii mmeuliza kama vyuo vikuu vifundishe kozi zinazoendana na soko la ajira la mkoa ambao chuo kipo. Mimi nasema ndiyo, tena nashangaa hili bado ni swali. Huku Mtwara, kusini mwa Tanzania, tunaishi kwa korosho, ada ya shule korosho, bati la nyumba korosho, lakini kijana wa Newala au Tandahimba akimaliza form six anaenda Dar kusomea utawala wa biashara, msimu ukifika wanaokuja kupima ubora wa mzigo wetu ni watu wa makampuni kutoka mbali na sisi tunasubiri kuambiwa korosho zetu zina thamani gani. Kwa hiyo ndiyo, vifundishe. Ila kuna mambo ya mpwa wangu, na ndo hasa yaliyonikalisha chini niandike.

Wa huku mnajua, kwetu mjomba ndo anasomesha. Mpwa wangu alikuwa anachagua kozi 2013, na Mtwara ya 2013 mnaikumbuka, watu wanasema "gesi haitoki", hawataki ipelekwe Dar kwa bomba, vurugu za Mei, wageni wamejaa mjini na kodi za vyumba zimepanda, kila mzazi anataka mtoto wake asome mambo ya gesi. Vyuo navyo vikafungua kozi za mafuta na gesi. Yaani vilifanya hicho hicho mnachouliza. Akachagua petroli na mimi nikamsapoti kwa moyo wote. Bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, lakini ujenzi ukiisha mafundi wanaondoka, mitambo kama ile ya Madimba ikishawaka inaendeshwa na watu wachache, na ule mradi mkubwa wa Likong'o kule Lindi wa kugeuza gesi kuwa kimiminika miaka ikapita kwenye mazungumzo. Mtoto akamaliza chuo akarudi nyumbani na cheti chake.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wanaouza korosho pamoja, naingia maghalani kila msimu, basi nikamwombea kibarua. Mnunuzi mmoja alikuwa anatafuta kijana wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Akawekwa meza moja na mpimaji, mzee wa Tandahimba, elimu yake darasa la saba, huyo mzee akishika korosho anakwambia imekaa shambani au imeanikwa vizuri kabla hata hajaikata. Kwa wasiojua kazi hii, unachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha, unapata sampuli, unapima kilo moja, unahesabu korosho ziko ngapi humo maana zikiwa chache ndo zenyewe kubwa. Halafu unakata moja moja. Viini vizuri huku, vilivyosinyaa huku, vilivyooza na vyenye madoa ya wadudu huku, unapima, unapiga hesabu unapata paundi za viini kwa gunia la kilo 80. Hiyo namba ndo inabeba bei. Ikishuka paundi moja tu mkulima anaumia. Na utomvu wa ganda unaunguza, mpwa wangu siku za mwanzo vidole vilibabuka mpaka mzee akamfundisha kupaka majivu.

Siku moja ukatokea ubishi. Mzigo wa chama chetu mpimaji wa ghala kapata paundi 49, upande wa mnunuzi wamepata 46, mzigo ule ule. Watu wakaanza kupaza sauti, wakulima wawili walikuwepo wakasema wanaibiwa, mimi mwenyewe nilishaanza kuamini hivyo. Mpwa wangu akaomba kuona sampuli zilivyochukuliwa. Kumbe wamechoma magunia ya pembeni tu, yale yaliyo karibu na mlango, na kilo ya kupimia imechotwa juu ya lundo. Akasema chuo walifundishwa hivyo kwenye sampuli za mawe, unachanganya lundo lote, unaligawa mafungu manne, unachukua mawili yanayotazamana, unachanganya tena, unagawa tena mpaka ubaki na kiasi unachotaka. Na mizani uihakiki kwanza. Mzee hakununa, akasema haya mwanangu tufanye. Wakachoma upya magunia ya katikati na ya chini, wakachanganya wakagawa, wapimaji wa pande zote mbili wakakata, jioni ikatoka 48 na pande zote zikasaini. Tangu siku ile mzee akawa anamwita fundi, na mpwa wangu akawa anamshikia mzee korosho amwambie imeanikwa vipi.

Nikiandika hapa naona jibu langu la juu halikai sawa. Ile kozi ilifunguliwa kwa ajili ya soko la mkoa na hilo soko halikumpa kazi, kilichomsaidia ni vile vitu vya kawaida vya maabara ambavyo vingemfaa popote. Kama mwaka ule chuo kingemfundisha korosho tupu sijui leo angekuwa wapi, bei nayo ikianguka? 2018 serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 kilo kwa sababu wanunuzi walileta bei ambayo wakulima waliikataa, soko letu nalo ndo hilo.

Kwa hiyo sasa nasema shahada iwe pana, isifungwe na mkoa. Wala simaanishi vyuo visije mikoani. Mradi wa elimu ya juu wa HEET unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule wa dola milioni 425, umepeleka kampasi mikoani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaleta kilimo Lindi, wale wa afya wa Muhimbili wanaenda Kigoma, naunga mkono kabisa maana mtoto wa huku atasoma karibu na nyumbani.

Kitu cha kufunga na mkoa ni field, yale mafunzo ya vitendo ya wanafunzi. Wanafunzi wengi wanaletwa Julai mpaka Septemba, wakati huo mikorosho iko kwenye maua na maghala yamefungwa, kijana anakaa ofisini anasoma mafaili halafu anasainiwa logbuku. Mzigo unaanza kuingia Oktoba, yeye yuko darasani. Kampasi ya Lindi ipange kalenda yake kwa msimu, na wale wazee wapimaji walipwe posho ya kufundisha kama wanavyolipwa wasimamizi wengine.